Uliza Mwalimu: Mbegu iliyo uchi na mbegu iliyo mtungini

Wasomaji wangu, toleo lililopita nilidokeza kwa mistari mitatu tu kwamba neno "spema" la darasani ni neno la Kigiriki lenye maana ya mbegu, na barua zikamiminika. Nyingi zina kilio kimoja: maneno ya uzazi wa mimea yanakaririwa, hayaeleweki. Nimefundisha baiolojia miaka 31 hapa Kagera, kilio hicho nakijua. Leo ukurasa wote ni wenu.

Mwalimu, shikamoo. Niko kidato cha 3. Tumefundishwa kwamba mipaina ni jimnospemu na mharage ni angiospemu. Nilikariri nikapata alama, lakini baada ya wiki moja nikawa nayageuza. Nitayashikaje? *Mwanafunzi, Mafinga*

Marahaba, mwanangu. Wewe uko mahali pazuri kuliko wenzako wengi, maana msitu wa Sao Hill uko jirani. Jumamosi nenda ukaokote koni ya mpaina chini ya miti. Ikiwa bado imefumba, ianike juani au iweke karibu na jiko, magamba yatajiachia yenyewe. Sasa vunja gamba moja, taratibu, uangalie upande wake wa ndani. Utakuta mbegu mbili zimelala pamoja, kila moja ina ubawa mwembamba unaong'aa kama wa kumbikumbi. Hakuna ganda la tunda wala nyama juu yake. Ukizipuliza zinaruka. Mbegu hizo zimekaa juu ya gamba wazi kabisa, na hata zilipokuwa changa, chavua iliyoletwa na upepo ilizifikia moja kwa moja.

Ukirudi nyumbani chukua ganda la mharage. Hapa huwezi kuifikia mbegu mpaka upasue. Chungwa vivyo hivyo, nyanya vivyo hivyo, na bamia.

Kwa Kigiriki *gymnos* ni uchi. Ndilo neno lililozaa jimunasi, ukumbi wa mazoezi, kwa sababu vijana wa Kigiriki walifanya mazoezi bila nguo. *Angeion* ni chombo cha kutilia kitu, mtungi au jagi. Na *sperma* ni mbegu. Jimnospemu ni mbegu iliyo uchi, angiospemu ni mbegu iliyo mtungini. Sidhani kama utayageuza tena.

Aliyeandika maneno ya namna hii zamani sana ni Theophrastus wa kisiwa cha Lesbos, mwanafunzi wa Aristotle, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Ila yeye alipotaja mbegu zilizo uchi alikuwa anafikiria giligilani na bizari, zile ambazo mpishi huziona kama punje kavu zisizo na ganda. Ni Mskoti Robert Brown, mnamo 1827, aliyeonyesha kwamba walio uchi kweli ni jamaa ya misonobari na saikadi, mimea inayofanana na mitende mifupi. Punje ya giligilani, ukiichunguza vizuri, ni tunda dogo lililokauka.

Nikuambie na hili. Mimi nilisomea shule ya bweni ambako mwalimu wetu alituandikia ubaoni orodha ya maneno 40 ya uzazi wa mimea, na kila kosa lilikuwa kiboko kimoja. Nilikula viboko 17. Wikiendi ile nilikwenda kwa padre mmoja wa parokia yetu, mzee aliyesoma Kigiriki seminarini, nikamsomea orodha yangu neno kwa neno. Yeye akawa anajibu kwa Kiswahili, macho kafumba: "Uchi. Mtungi. Nyumba mbili. Ndani ya mbegu. Nira. Kikombe. Lango dogo." Akafumbua macho akasema, "Mtoto, haya ni maneno ya mkulima na mke wake." Nilirudi bwenini nikaandika Kiswahili pembeni mwa kila neno. Daftari lile ninalo mpaka leo, na hasira ya viboko vile bado ninayo pia, kwa sababu dawa ilikuwa rahisi hivyo na hakuna aliyetupa.

Kitu kingine alichonionyesha padre ni kwamba *sperma* limetoka kwenye kitenzi *speirein*, na *speirein* ni kusia. Si kupanda kwa kufukia shimo kwa shimo, ni kule kusia mbegu kitaluni, mkono unatupa na punje zinatawanyika. Mgiriki aliita mbegu ya mtama *sperma* na mbegu ya mwanamume *sperma*. Nasi tunasema mbegu za mahindi na mbegu za kiume. Mwingereza ana maneno mawili mbalimbali hapo. Mswahili na Mgiriki wanatumia moja, kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anaingia somo hili akiwa tayari amefika nusu ya njia.

Mwalimu, asalaam aleikum. Mwanangu anasoma kwamba maji ya dafu yanaitwa endospemu. Mimi nimeuza madafu miaka mingi, sijaona mbegu ndani ya maji. Kitabu kimekosea? *Mama muuza madafu, Muheza*

Waaleikum salaam, dada yangu. Kitabu hakijakosea. *Endon* ni ndani, kwa hiyo endospemu ni "kilichomo ndani ya mbegu", yaani akiba ya chakula ambayo mbegu imefungiwa safarini. Nazi nzima ni tunda, kifuu ni ganda la ndani la tunda hilo, mbegu yako ni kile kilichomo ndani ya kifuu, na maji ni chakula cha mtoto aliyelala humo.

Wewe umeishuhudia kazi hiyo kwa macho kuliko profesa yeyote. Katika dafu changa chakula hicho ni maji matupu. Kadiri siku zinavyokwenda, yanajishika ukutani mwa kifuu kama utandu wa uji, ule unaokombwa kwa kijiko. Likifika koroma nyama imeanza kukaza, na likiwa nazi unapata kitu cha kukuna. Maji na nyama ni endospemu ileile, moja bado maji na nyingine imeshaganda kuwa seli.

Mtoto mwenyewe yuko wapi? Tazama macho matatu ya kifuu. Mawili ni magumu, moja unaweza kulitoboa kwa kijiti. Nyuma ya hilo laini ndipo kilipo kiinitete, kidogo kama punje ya mchele. Wagiriki walikiita *embryon*, kinachovimba ndani. Nazi ikianza kuota, kiinitete kinatoa kitu cheupe, laini kama sifongo, kitamu, kinachokua mpaka kinajaza kifuu chote huku kikifyonza maji na nyama. Nyinyi watu wa pwani mnakiita joya, na watoto wanakigombania. Kwa kitabu cha mwanao hiyo ni kotiledoni, kutoka *kotyle*, kikombe. Mwambie mwanao kwamba joya ni kotiledoni ya mnazi. Bibi zake walikuwa na jina lake kabla shule haijafika Muheza.

Na kwamba maji hayo ni chakula cha mtoto si maneno ya kupamba. Mwaka 1941 mtafiti Johannes van Overbeek na wenzake huko Marekani walikuwa wanashindwa kukuza viinitete vichanga mno vya mmea wa datura kwenye chupa. Walipotia maji ya nazi vikakua. Tangu hapo maabara nyingi za kukuza mimea zimekuwa zikiyatumia.

Sembe unayopika jioni nayo ni endospemu. Mashine ya kukoboa imeondoa pumba na kiini, ikabakiza akiba ya chakula. Dona ina vyote.

Mwalimu, nilipanda mahindi meupe tupu, mbegu ya dukani. Jirani yangu kapanda ya njano. Nilipovuna, magunzi yangu yamechanganyika, nyeupe na njano kwenye hindi moja. Wengine wanasema nimerogwa, wengine wanasema niliuziwa mbegu feki. Nani mkweli? *Mkulima, Mbozi*

Ndugu yangu, hukurogwa, na usiende kumgombeza mwenye duka. Upepo umekuletea wageni.

Kila uzi wa zile nywele za hindi unakwenda kwenye punje moja peke yake. Chavua ikidondoka kutoka mbelewele na kutua kwenye unywele, inateremsha mrija ndani yake hadi kwenye punje changa, na kupitia mrija huo zinashuka mbegu za kiume mbili. Hapa ndipo mimi, baada ya miaka yote hii, bado nasimama nikashangaa. Ya kwanza inaungana na yai, inakuwa zigoti, yaani mmea wa msimu ujao. Ya pili haiendi bure: inaungana na viini viwili vilivyo pembeni, na muungano huo wa watatu ndio unaokuwa endospemu. Chakula cha mtoto nacho kina baba. Sergei Navashin aligundua jambo hili kwenye mayungiyungi huko Kyiv mwaka 1898.

Sasa rangi ya njano ya mahindi iko ndani ya endospemu, na ina nguvu juu ya weupe. Punje iliyopata chavua ya jirani inakuwa ya njano msimu huohuo, kwenye hindi lako, ingawa mama ni mweupe. Zitazame vizuri juani: njano yake imepauka kuliko ya jirani, kwa sababu endospemu imepata sehemu mbili kwa mama mweupe na moja tu kwa baba.

Jambo hili lina jina la Kigiriki ambalo nalipenda kuliko yote. Mjerumani Wilhelm Focke aliliita *xenia* mwaka 1881. *Xenos* ni mgeni, na *xenia* ni zawadi za ukarimu kati ya mwenyeji na mgeni wake. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wako alikuja na rangi yake.

Mahindi hayo kula bila wasiwasi. Lakini ukitaka mahindi meupe mwakani, usizitunze punje hizo kwa mbegu. Zungumza na jirani: ama mmoja atangulie kupanda kwa wiki tatu au nne ili mbelewele za mmoja zisimwage chavua wakati nywele za mwenzake zimetoka, ama mpeane nafasi. Wazalishaji wa mbegu hutenganisha mashamba yao kwa mita 200 na zaidi.

Mwalimu, nakusoma nikiwa Oman. Hapa kila mwaka tunapanda juu ya mitende jike kuipaka chavua ya dume, wenyewe wanaita tanbiti. Binti yangu kaniuliza: kwa nini mtende una dume na jike, na mnazi hauna? Na je, ni kweli kwamba "gameti" maana yake mume? *Baba wa mabinti watatu, Sohar*

Mzee wangu, binti yako kauliza swali ambalo watu wa Ulaya walichelewa kulijibu. Theophrastus aliandika kazi hiyohiyo unayoifanya: dume likichanua, watu hukata karara lake na kukung'uta ua na vumbi lake juu ya matunda machanga ya jike, na matunda hayapukutiki. Aliliona wazi. Lakini ilibidi kungoja mpaka 1694 ndipo Rudolf Camerarius, daktari wa Tübingen huko Ujerumani, aandike kwa majaribio kwamba vumbi lile ni la kiume kweli, na kwamba mimea ina jinsia.

Halafu akaja Linnaeus wa Sweden, aliyeipanga mimea kwa hesabu ya ndoa. Mimea yenye maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja aliiweka fungu la *Monoecia*, nyumba moja. *Oikos* ni nyumba. Mnazi ni wa nyumba moja, karara lilelile lina maua ya kiume juu na ya kike chini. Mahindi nayo ni nyumba moja, mbelewele juu na hindi ubavuni. Ile ambayo mume anakaa kwake na mke kwake aliiita *Dioecia*, nyumba mbili. Mtende wako ni huo, na mpapai wetu wa uani, ule mpapai dume wenye maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu, ambao watu wanaukata kwa hasira. Mimea isiyoonyesha maua, kama kuvu na jamaa ya kangaga, aliiita *Cryptogamia*, ndoa ya siri.

Kuhusu gameti, umesikia sawa. *Gamos* ni ndoa. *Gametes* ni mume, *gamete*, ukivuta mwisho, ni mke. Seli za uzazi za pande zote mbili zikaitwa kwa neno hilo moja. Zikishaungana tunapata zigoti, kutoka *zygon*, nira, ule mti unaowekwa shingoni mwa ng'ombe wawili wavute jembe moja. Mtu wa Usukumani hahitaji kuelezwa. Mweleze binti yako hivyo bila kuona haya. Mimi nimefundisha wasichana wengi, na ninayosema nimeyaona: mtoto aliyeelewa mtende haoni aibu kuuliza kuhusu mwili wake mwenyewe.

Mwalimu, mitosi na meiosi nazichanganya kila mara. *Kidato cha 4, Kigoma*

*Mitos* ni uzi. Walther Flemming wa Kiel, mwaka 1882, aliandika alivyoona nyuzi zikigawanyika ndani ya seli za salamanda, akaita mitosi. Nyuzi zinagawanywa, kila seli inapata idadi kamili. *Meiosis* ni kupunguza: idadi inakatwa nusu, ili mume na mke wakikutana isizidi. Bila kupunguza huko, kila kizazi kingekuwa na nyuzi mara mbili ya kilichopita.

Na kwa kuwa uko Kigoma, jua kwamba neno hilo la pili lina mguu wako ndani yake. Lilitungwa mwaka 1905 na Waingereza wawili, J. B. Farmer na J. E. S. Moore. Huyu Moore alikuwa ameshafika Ziwa Tanganyika mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, akikusanya konokono na wanyama wengine wa ziwani. Aliona konokono wale wanafanana mno na wa baharini, akashikilia kwamba ziwa lako lilikuwa sehemu ya bahari. Hilo la bahari halikusimama. Neno lake lipo kwenye mtihani wako.

Mwalimu, sisi tulioko nje tunaitwa diaspora. Lina uhusiano na spora za kuvu? *Msomaji, Minnesota*

Ni ndugu wa tumbo moja. *Speirein* tena, kusia, na *dia*, huku na huku. Diaspora ni waliosiwa huku na huku. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki walilitumia kwa watu wao waliotawanywa, katika Kumbukumbu la Torati 28. Spora ni kile kinachosiwa.

Mwalimu, nina kibanja cha migomba. Mjukuu wangu wa darasa la 6 kaniuliza mbegu ya ndizi iko wapi. Nikamwambia ndizi haina. Akasema mwalimu wao kafundisha kila tunda linatokana na ua lililorutubishwa. Nimjibu nini? *Bibi, Muleba*

Shikamoo mama. Mchukueni mjukuu jikoni. Menya ndizi mbivu, ikate kwa urefu, mpe aitazame penye mwanga. Katikati ataona vidoa vyeusi, vidogo kuliko kichwa cha pini, vimepangwa mistari mistari. Hivyo ndivyo vilivyopaswa kuwa mbegu. Havikupata mume, vikasinyaa, na tunda likaendelea kukua bila kuvingoja. Ndizi za porini huko Asia zina mbegu ngumu za kuvunja jino, na wenyeji wa zamani waliteua zile zisizo nazo.

Jina lake ni pathenokapi. *Parthenos* ni bikira, na *karpos* ni tunda. Tunda la bikira. Mwalimu wake hakukosea, alifundisha kanuni. Ndizi ndiyo imetoka nje ya kanuni, na mjukuu wako kaona. Mpongeze.

Ila hapa kuna jambo linaloniumiza. Kwa kuwa ndizi zetu za kupika hazina mbegu, kila mgomba ni chipukizi la mgomba mwingine, mwili uleule unahamishwa kutoka kibanja hadi kibanja. Ndiyo maana mnyauko ulipoingia Kagera mwaka 2006 haukukuta mgomba wenye kinga. Na chipukizi lenye ugonjwa ukimpa jirani kwa wema, umempa na ugonjwa. Watafiti wa Uganda na wa Maruku hapa Bukoba wanahangaika kupata aina mpya, na kazi yao ni ya subira isiyoelezeka: wanachukua chavua ya mgomba wa mbegu, wanaipaka kwa mkono alfajiri kwenye maua ya mgomba wetu, wanangoja mkungu ukomae, kisha wanaponda ndizi moja moja wakitafuta mbegu. Mara nyingi hawapati hata moja. Wakipata, hawaitupi ardhini. Wanaipasua, wanatoa kiinitete na kukilea kwenye chupa, maana endospemu yake aghalabu haitoshi kukilisha.

Mwambie mjukuu avihesabu vidoa vile, kisha aniandikie amepata vingapi.